Pointi Gadi: Mataji ya Timu au Takwimu Zake Mwenyewe? Ulinganisho kwa Anayechagua

Kila mwaka, kabla ya mashindano ya mitaa kuanza, timu ya mpira wa kikapu ninayoisaidia hapa Mombasa hulazimika kuamua ni nani atakayekabidhiwa mpira kila unapotoka chini ya kikapu chetu. Safari hii waliobaki ni wawili. Wa kwanza aliichezesha timu ya shule yake hadi ikatwaa kombe, na akiulizwa amefunga pointi ngapi hujibu kwamba hakumbuki. Wa pili ametoka katika timu iliyofungwa karibu kila wiki, lakini daftari la kocha wake linaonyesha pointi na asisti (pasi zinazozaa kikapu) nyingi kuliko za kijana mwingine yeyote wa rika lake tuliyepata kumwona. Wazee wa timu wanamtaka wa kwanza, kwa hoja kwamba kazi ya pointi gadi, yaani huyo anayekabidhiwa mpira na kuichezesha timu, ni kushinda. Vijana wanamtaka wa pili, kwa hoja kwamba nambari hazijui ndugu wala jirani. Nimewasikiliza wote kwa makini, na ninaamini kwamba kila upande unapima kitu tofauti na kile unachodhani unakipima.

Hoja ya wazee si ya kupuuzwa, kwa sababu nafasi hii haifanani na nyingine uwanjani. Mchezaji mrefu wa kati anaweza kujiweka vizuri chini ya kikapu mchezo mzima na bado aondoke mikono mitupu, kwa kuwa hakuna aliyemletea mpira. Pointi gadi hana udhuru huo, maana karibu kila zamu ya kushambulia huanzia mikononi mwake, na ni yeye anayeamua kama timu itakimbia au itatulia, na nani atupe mpira kikapuni. Ndiyo sababu wazee wetu wa Pwani humwita nahodha, na nahodha husifiwa kwa kukifikisha chombo bandarini. Lakini Pwani hii hii ndiyo inayosema kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Nahodha hodari aliyepewa tanga lililochanika atachelewa, na anayemhukumu kwa saa aliyowasili bila kulitazama tanga hajampima nahodha, amepima chombo.

Tukihesabu mataji

Tuanze na kipimo cha wazee tukipeleke hadi mwisho wake. Magic Johnson alitwaa ubingwa wa NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, mara 5 akiwa na Los Angeles Lakers, mwaka 1980, 1982, 1985, 1987 na 1988. Derek Fisher naye alitwaa ubingwa mara 5 akiwa na Lakers hao hao, mwaka 2000, 2001, 2002, 2009 na 2010. Kwa kipimo cha mataji peke yake wanaume hawa wawili wako sawa kabisa. Hata hivyo Magic alimaliza maisha yake ya uchezaji akiwa na wastani wa asisti 11.2 kwa mchezo, ambao haujafikiwa na mwingine yeyote katika historia ya ligi hiyo, na Fisher akiwa na asisti 3.0. Fisher alikuwa mchezaji wa thamani, mtulivu dakika za mwisho, na sina nia ya kumshusha. Lakini aliwachezea watu ambao mashambulizi yao yalipita zaidi kwa Kobe Bryant, na katika mataji matatu ya mwanzo kwa Shaquille O'Neal pia. Kipimo kisichoweza kuwatenganisha Magic na Fisher hakiwezi kututenganishia vijana wetu wawili.

Mfano wa John Stockton na Isiah Thomas ni mgumu zaidi, na ndio unaowagawa watu kwa haki. Stockton aliichezea Utah Jazz misimu 19, kuanzia 1984 hadi 2003, akaacha rekodi ya asisti 15,806 na ya mipira 3,265 aliyowapokonya wapinzani, na katika misimu hiyo yote Utah haikukosa hata mara moja hatua ya mchujo. Alifika fainali mara 2, mwaka 1997 na 1998, na mara zote mbili Chicago ya Michael Jordan ikashinda michezo 4 kwa 2. Thomas ana asisti chache kuliko yeye, wastani wa 9.3 kwa mchezo dhidi ya 10.5, lakini ana pointi 19.2 dhidi ya 13.1, na aliiongoza Detroit kutwaa ubingwa wa 1989 na 1990. Wanaomtaja Thomas kwanza husema alishinda. Ni kweli, alishinda. Lakini Stockton naye aliifikisha timu yake hatua ya mchujo kila mwaka kwa karibu miaka 20, na katika fainali zake mbili alikutana na timu ambayo hakuna aliyeweza kuifunga katika fainali. Binafsi, kama ningekuwa na mchezo mmoja tu wa kucheza, ningemchukua Thomas, kwa sababu aliweza kujitwalia pointi mwenyewe pale wenzake walipozibwa. Kama ningekuwa na msimu mzima wa kujenga, ningemchukua Stockton. Katika hukumu zote mbili, mataji hayakunisaidia chochote.

Sababu ni kwamba taji huamuliwa na mambo machache mno. Msimu wa 2015–16 Golden State ya Stephen Curry ilishinda michezo 73 kati ya 82, idadi ambayo haijapata kufikiwa, ikaongoza fainali kwa michezo 3 kwa 1, kisha ikapoteza mitatu mfululizo. Mchezo wa 7 ulikuwa sare ya 89 kwa 89 ikiwa imesalia chini ya dakika moja, na Kyrie Irving wa Cleveland akatupa mpira wa pointi tatu juu ya mkono wa Curry, ukaingia. Kama mpira ule ungegonga chuma ukatoka, huenda leo Curry angekuwa na taji moja zaidi, lakini asingekuwa na ujuzi zaidi hata kidogo. Sisi Wakenya tunalijua jambo hili kutokana na furaha yetu wenyewe: Februari 2021 jijini Yaoundé timu yetu ya taifa iliilaza Angola 74 kwa 73 kwa mtupo wa mwisho wa Tylor Ongwae, ushindi uliosaidia kuirudisha Kenya AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993. Uzito wa pointi ile moja ulikuwa mkubwa kwa nchi nzima, na bado haikumwongezea wala kumpunguzia ubora aliyekuwa akichezesha.

Tukihesabu takwimu

Sasa tukipeleke mwisho kipimo cha vijana. Rekodi ya asisti nyingi katika mchezo mmoja wa NBA ni 30, nayo ni ya Scott Skiles wa Orlando, aliyeiweka tarehe 30 Desemba 1990. Wapinzani wake siku hiyo walikuwa Denver, timu iliyokuwa ikicheza kwa kasi isiyo ya kawaida na kuruhusu wastani wa takriban pointi 130 kwa mchezo msimu ule. Orlando ilishinda 155 kwa 116, kisha ikamaliza msimu na ushindi wa michezo 31 kati ya 82. Pale ambapo kila upande unapata zamu nyingi za kushambulia, kila mtu huvuna zaidi. Na hili ndilo la kwanza kuuliza mbele ya daftari la yule kijana wetu wa pili, yaani timu yake ilikuwa ikicheza kwa kasi gani. Timu inayofungwa mara nyingi hukimbia ovyo kipindi cha pili, na wapinzani walioongoza kwa pointi nyingi huacha kukaba, hivyo asisti za dakika hizo huandikwa kwa wino ule ule wa asisti zilizopatikana mchezo ukiwa bado moto.

Oscar Robertson anatupa fundisho la aina nyingine. Msimu wa 1961–62, akiwa Cincinnati, alipata wastani wa pointi 30.8, ribaundi (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) 12.5 na asisti 11.4, yaani zaidi ya kumi katika yote matatu, jambo lililokaa miaka 55 bila kurudiwa. Ubingwa wake wa pekee ulikuja mwaka 1971, akiwa na miaka 32, baada ya kuhamia Milwaukee aliko Kareem Abdul-Jabbar, ambaye wakati huo bado aliitwa Lew Alcindor, na wastani wake wa pointi ukiwa umeshuka hadi 19.4. Nambari zilishuka kwa sababu kazi ilibadilika: Cincinnati ilimhitaji afanye karibu kila kitu, Milwaukee ilimhitaji ampe mpira mtu mmoja mrefu mahali panapofaa. Aliyesoma karatasi tu angesema amezeeka. Kwa sehemu alikuwa amezeeka kweli, lakini pia alikuwa akifanya kile hasa ambacho timu yake ilikihitaji.

Kwetu Mombasa kuna tatizo la awali zaidi, nalo ni kwamba takwimu zenyewe mara nyingi hazipo. Katika michezo ya ligi inayopigwa ukumbi wa Makande, nyumbani kwa timu za Mamlaka ya Bandari, unaweza kumkuta mtu anayeandika asisti na ribaundi. Katika mashindano ya mitaa na mengi ya shule, kinachobaki baada ya mchezo ni karatasi rasmi ya mezani, na karatasi hiyo imetengenezwa kuandika pointi, faulo na mapumziko yaliyoombwa. Pasi haina nafasi yake humo. Kijana anayetoa pasi kumi safi na kufunga pointi nne hutoka uwanjani akiwa ameacha alama ya pointi nne tu, na yule anayetupa kila mpira anaopata huonekana ndiye aliyefanya kazi. Jambo hili linaniuma, kwa sababu nimeona watoto wakijifunza kutokana na karatasi hiyo: wanagundua kwamba kutoa pasi hakuandikwi, na taratibu wanaacha kutoa.

Hata pale asisti zinapohesabiwa, ni lazima kujua zimehesabiwa kwa kanuni gani. Mchezo wa FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, ambao ndio tunaoucheza sisi, una dakika 40. Wa NBA una dakika 48. Kwa kanuni za FIBA, aliyetoa pasi kwa mwenzake akachezewa rafu katika kutupa hupewa asisti iwapo mtupo huru hata mmoja utaingia, na NBA haihesabu hivyo. Kwa hiyo asisti 6 za hapa na asisti 6 za kwenye televisheni si kitu kimoja. Na kwa viwanja vyetu vya saruji vilivyo wazi, ningeongeza upepo: kusi ikivuma jioni, mitupo ya mbali huharibika, na anayechezesha hunyimwa asisti kwa kosa ambalo si lake wala la mtupaji.

Kidd na Marbury

Mfano ninaourudia kila mara mjadala huu unapowaka ni wa mwaka 2001, kwa sababu ulikuwa karibu kama jaribio la makusudi. New Jersey na Phoenix zilibadilishana pointi gadi: Stephon Marbury akaenda Phoenix, Jason Kidd akaja New Jersey. Msimu uliotangulia Marbury alikuwa na wastani wa pointi 23.9 na asisti 7.6, na New Jersey ilishinda michezo 26. Msimu uliofuata Kidd alipata pointi 14.7, asisti 9.9 na ribaundi 7.3, mitupo yake ikiingia chini ya asilimia 40, na New Jersey ilishinda michezo 52 na kufika fainali. Phoenix, iliyokuwa imeshinda 51, ikashuka hadi 36. Pointi tisa kwa mchezo zilipotea katika nafasi ile, na ushindi ukaongezeka mara mbili.

Wazee wakisikia hadithi hii hupiga makofi, na ninaelewa kwa nini. Kidd aliuokota mpira mwenyewe chini ya kikapu na kuanza kukimbia kabla wapinzani hawajajipanga, hakuhitaji mtu wa kumletea. Wenzake walijua kwamba ukikimbia mpira utakufikia, kwa hiyo wakakimbia. Kitu hicho, imani ya wanne kwamba juhudi zao zitalipwa, ndicho kinachomfanya pointi gadi kuwa pointi gadi, na hakuna safu ya daftari inayokiandika.

Hata hivyo haki inanidai niseme na upande wa pili. Kerry Kittles alikuwa ameukosa msimu wote wa mwisho wa Marbury kwa jeraha la goti, na akarejea Kidd alipofika. Kenyon Martin alikuwa ametoka katika mwaka wake wa kwanza akiwa amevunjika mguu, na Richard Jefferson aliingia timuni mwaka ule ule. Huko Phoenix kocha aliondoka katikati ya msimu, naye alikuwa Scott Skiles yule yule wa asisti 30. Kwa hiyo Kidd hakubadilisha peke yake kila kitu, wala Marbury hakuharibu peke yake kila kitu; na kama kuna anayebisha, akumbuke kwamba Marbury baadaye alikwenda China na kutwaa ubingwa wa huko mara 3 akiwa na timu ya Beijing, mwaka 2012, 2014 na 2015. Mtu aliyepachikwa jina la mpenda nambari alishinda alipopata chombo kilichomfaa.

Dakika zake

Ninachopendekeza kwa anayechagua ni kuuliza swali la wazee kwa penseli ya vijana: katika dakika ambazo huyu kijana alikuwa uwanjani, timu yake ilifunga kuliko wapinzani au ilifungwa, na alipokaa benchi ikawaje? Mataji huwahesabu hata wachezaji wa akiba ambao hakuwa nao. Pointi na asisti huhesabu matendo yake tu. Tofauti ya pointi katika dakika zake hukusanya yote aliyofanya, pamoja na yale yasiyoandikwa, kama kumzuia mwenzake asitupe vibaya au kumwambia mrefu wetu ahamie upande wa pili kabla pasi haijafika.

Russell Westbrook anaonyesha nguvu ya swali hili. Msimu wa 2016–17 alirudia kile cha Robertson, kwa pointi 31.6, ribaundi 10.7 na asisti 10.4, akachaguliwa mchezaji bora wa msimu. Oklahoma City ilishinda michezo 47, kisha ikatolewa na Houston katika raundi ya kwanza kwa michezo 4 kwa 1. Wengi walihitimisha kwamba takwimu zake zilikuwa za bure. Lakini katika mfululizo ule timu yake iliwazidi Houston pointi katika dakika alizocheza, na ikaporomoka kila alipopumzishwa. Kipimo cha mataji kilimwadhibu kwa dakika alizokuwa amekaa.

Kufanya hesabu hii hakuhitaji kompyuta. Mtu mmoja akae karibu na meza, na kila mara pointi gadi anapoingia au kutoka aandike matokeo yalivyo wakati huo, kwa kuwa karatasi ya mezani yenyewe haiandiki saa za mabadiliko. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, ameingia timu zikiwa 10 kwa 12 na kutoka zikiwa 25 kwa 21: dakika zake zimezaa pointi 6 za faida. Kando yake mwandishi aweke safu mbili tu, moja ya mipira aliyopoteza, nyingine ya pasi zilizomkuta mwenzake mahali pazuri pa kutupa, iwe ameingiza au amekosa. Safu hii ya pili ni muhimu sana katika timu dhaifu, maana humtetea anayetoa pasi kwa watupaji wasio na shabaha.

Kipimo hiki nacho kina udhaifu, na anayekitumia bila kuujua atadhulumu watu. Michezo miwili au mitatu haitoshi. Matokeo ya dakika chache huyumba mno. Zaidi ya hayo, kama pointi gadi huingia na kutoka pamoja na mchezaji mrefu aliye bora kuliko wote, huwezi kujua faida ni ya nani. Kocha anayetaka ukweli hana budi kuwachanganya: mara na watano wa kwanza, mara na wa akiba, mara bila yule mrefu.

Nani atumie kipi

Shabiki anayelinganisha magwiji wa zamani hana dakika hizo kwa wachezaji wengi, na kwake ningesema aangalie ushindi wa misimu mizima kabla ya mataji, kwa sababu michezo 82 huamuliwa na bahati kidogo kuliko michezo 7. Phoenix ilipanda kutoka ushindi wa 29 hadi 62 Steve Nash, mzaliwa wa Johannesburg, alipojiunga nayo mwaka 2004, na kwamba hakufika fainali hata mara moja hakufuti jambo hilo. Mwalimu wa shule anayetafuta wa kumwanzisha aweke uzito kwenye mipira inayopotezwa, kwa maana katika umri ule timu nyingi hufungwa na makosa yao wenyewe. Kijana anayetaka kuonwa na klabu kubwa atahitaji takwimu zake, kwa kuwa hakuna atakayesafiri kuja kuuliza wenzake walijisikiaje. Lakini aambatanishe na matokeo ya dakika zake, kwani kocha makini atayauliza.

Ama vijana wetu wawili, tuliwachezesha michezo ya majaribio kwa wiki sita, tukibadilisha wenzao kila robo. Yule wa kombe alikuwa na faida kubwa kila alipocheza na mrefu wetu, na faida hiyo ikatoweka kila tulipomtenganisha naye. Yule wa daftari alianza vibaya, akitupa mipira mingi mno kama alivyozoea kule alikokuwa peke yake. Kufikia wiki ya nne alikuwa amewaamini wenzake, pointi zake zikapungua karibu nusu, na timu ikaongoza katika dakika zake hata akiwa na wachezaji wa akiba watupu. Kamati ilipiga kura Ijumaa baada ya Isha. Huyo wa pili ndiye atakayeanza, na wa kwanza ataingia robo ya pili pamoja na mrefu, mahali ambapo karatasi zetu zinaonyesha kwamba hakuna anayemzidi.